Kiti cha dereva kinaanguka nyuma? Kifungue, usikichomelee

Mwezi uliopita alinijia dereva wa teksi amekaa wima kama askari wa gwaride. Nikadhani anaumwa kiuno. Kumbe nyuma ya kiti ameshindilia dumu la maji la lita 20, ndilo linalomzuia asilale chali kila akikanyaga mafuta.

"Mama Kava, sina muda. Nichomelee hapa pembeni, nukta mbili tu, nirudi kijiweni."

Hilo jina limetokana na kazi niliyoanza nayo. Nashona kava za viti hapa Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Mitambo ya viti nilijifunza kwa kulazimika: kila kiti nilichokivua nguo nilikuta chini yake chuma kinachougua. Fundi wa gereji hakitaki kwa sababu kina sponji, mshonaji hakitaki kwa sababu kina grisi. Basi kikabaki changu.

Nilimkatalia kuchomelea, na nitaeleza sababu. Lakini kwanza ujue kilichomo humo ndani, maana ukikijua kazi yote inakuwa nyepesi.

Viti vingi vya magari madogo ya Kijapani yenye leva ya pembeni vina vipande vitatu vinavyofanya kazi. Kuna bamba lenye meno kwenye ukingo wake wa mviringo, limefungwa kwenye mgongo wa kiti. Hapa kwetu tunaliita mwezi. Kuna kipande kifupi chenye meno yanayolingana na ya mwezi, kimefungwa upande wa kikalio. Huo tunauita ulimi. Na nyuma ya ulimi kuna kemu, kidude chenye umbo la yai kinachousukuma ulimi ukaume meno ya mwezi. Springi ndogo ndiyo inayoibana kemu wakati wote. Ukivuta leva, kemu inajitoa, ulimi unaanguka, mgongo unakuwa huru. Ukiachia, ulimi unauma tena. Halafu kuna springi kubwa bapa iliyojikunja kama ya saa ya kutia ufunguo. Kazi yake ni kuurudisha mgongo mbele ukivuta leva. Hiyo springi bapa utaiheshimu, tutafika.

Sasa fanya hesabu ndogo. Kwenye kiti kile nilipima kutoka kwenye pini ya kiungo, pale mgongo unapozungukia, hadi kwenye meno: milimita 40. Kutoka kwenye pini hadi mabegani mwa dereva: milimita 600. Ni mara 15. Dereva akiegemea begani kwa nguvu ya kilo 30 tu, kule kwenye meno inafika kilo 450. Ndiyo maana viti vingi vina mtambo kila upande, wagawane mzigo. Hesabu hiyohiyo ukiigeuza inakusaidia kupima ugonjwa: meno yakilika nusu milimita, kule juu mgongo unacheza milimita saba na nusu. Kwa hiyo usiogope mchezo mkubwa juu ukadhani kiti kizima kimekufa. Chanzo chake kinaweza kuwa chembamba kama ukucha.

Kabla hujashika spana, pima. Simama nje, shika mgongo wa kiti juu kabisa, uvute na kuusukuma huku mwenzako ameweka kidole kwenye kiungo. Mchezo unaweza kutoka sehemu tatu: kwenye reli zilizoko sakafuni, kwenye pini ya kiungo, au kwenye meno. Reli zikiwa ndizo zenye tatizo, kiti kizima kinatikisika na kikalio chake. Pini ikiwa imelika, utahisi kiungo chenyewe kinapanda na kushuka. Meno yakiwa na shida, kiungo kimetulia lakini mgongo unakwenda na kurudi ukigonga tik, tik. Piga mstari wa chaki unaovuka mwezi na ulimi, tikisa tena, uone mstari unakatika wapi. Chaki haidanganyi na ni ya bei ndogo kuliko kifaa chochote utakachouziwa.

Kwa yule dereva mstari ulikatika kwenye meno, upande wa mlango tu. Upande wa ndani ulikuwa haushiki kabisa. Maana yake upande mmoja ulibeba kilo zote 450 kwa muda mrefu.

Kutoa kiti. Kama ubavuni mwa mgongo kuna kitambulisho kilichoandikwa SRS, ndani yake mna eabegi, mfuko wa hewa unaofumuka ajali ikitokea. Toa waya wa hasi wa betri, subiri sekunde 90 au zaidi, ndipo uchomoe plagi ya njano iliyo chini ya kiti. Usipime waya zake kwa taa wala mita. Kisha sukuma kiti nyuma ufungue boliti mbili za mbele, sukuma mbele ufungue za nyuma. Kwenye magari ya Kijapani mara nyingi ni spana namba 14. Tandika gunia sakafuni, kiti kitoke bila kuchana mlango.

Plastiki ya pembeni ina skrubu moja unayoiona na klipsi moja usiyoiona, kwa kawaida chini ya leva. Ukilazimisha unaivunja, na plastiki hizo kuzipata ni kazi kuliko mtambo wenyewe.

Sasa springi bapa. Vuta leva, acha mgongo uje mbele hadi mwisho wake. Uushike kwa mkono mwingine, maana bila mtu kukaa unakuja kwa kasi ya mlango uliopigwa na upepo. Hapo springi imelegea kadiri inavyoweza, lakini usidanganyike, bado ina nguvu. Ipige picha kwa simu kabla hujaigusa. Vaa miwani na glavu za ngozi. Mimi natumia kipande cha bomba nilichokikata mfereji: nakivisha kwenye ncha ya nje ya springi, naiinua kwenye kibanio chake na kuilegeza polepole. Mwaka wa kwanza niliitoa kwa bisibisi. Ilinipiga kidole gumba, ukucha ukang'oka, na mteja akaniuliza kama kazi itakwisha leo.

Ukishaitoa, osha mtambo kwa mafuta ya taa na brashi ngumu. Usianze kukagua meno kabla ya kuosha. Mara nyingi ugonjwa unakaa kwenye uchafu: uchafu ukijaa kwenye mashimo ya meno, ulimi hauingii hadi mwisho, unashika kwa ncha tu, na ncha ndizo zinazolika. Kwenye kiti kile upande usioshika nilitoa sarafu ya shilingi 200, pini ya nywele, maganda ya karanga yaliyoshikana na grisi kavu yakawa kama lami. Sarafu ilikuwa imekaa barabara chini ya ulimi. Dereva akasema pini ya nywele haijui.

Kisha pitisha ukucha juu ya meno, jino kwa jino. Meno mazima yana ncha bapa na kingo kali zinazokwaruza. Meno yaliyokufa yamekuwa ya duara, yanang'aa, ukucha unateleza. Ukikuta mawili au matatu yako hivyo pale dereva anapokaa siku zote, mtambo huo umekwisha. Usiyachonge kwa tupa, usiyajaze kwa weldingi. Meno hayo yamepitishwa motoni na kupozwa makusudi kiwandani yawe magumu. Moto wa weldingi unayarudisha kuwa laini, bamba linapinda, na pembeni ya ule mshono chuma kinakuwa kikavu, kinapasuka bila kuonya. Mbali na hayo, sponji ya kiti inashika moto haraka na moshi wake ni sumu, na eabegi iko sentimita chache kutoka hapo. Na kiti kilichochomelewa hakilali tena: ajali ikitokea, anayetaka kumtoa dereva kwa kumlaza hana pa kushika.

Kuna watu wanasema, mbona cha fulani kimechomelewa na kinadunda mwaka wa pili? Kinadunda kwa sababu hakijagongwa. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa ya viti vya magari inataka mgongo uhimili nyutonimita 530 ukivutwa nyuma. Kwa mgongo wa sentimita 60 hivi, ni kama kuuvuta kwa kilo 90 begani bila kuachia. Nukta mbili za weldingi zilizopigwa juu ya rangi na grisi sitaki kukaa mbele yake.

Ukibadilisha, nunua mtambo wa mtumba wa pande zote mbili kutoka kwenye kiti kimoja. Kushoto mzee na kulia kijana hawataumana sawa. Dukani angalia kuzunguka ribiti, zile pini zilizogongwa kuunganisha mabamba: rangi ikiwa imepasuka kwa mistari myembamba, kiti hicho kiligongwa, kirudishe. Mitambo ya kisasa ya duara, iliyofungwa kama kisosi cha chuma, haifunguliwi; ikifa inabadilishwa nzima. Hivyohivyo ile ya kuzungusha kitasa kama kwenye Golf za Volkswagen. Hiyo ndani ina gia moja ndani ya nyingine zikipishana jino moja. Kama ya ndani ina meno 30 na ya nje 31, mzunguko mzima wa kitasa unausogeza mgongo nyuzi 12 hivi tu. Ndiyo maana unazungusha hadi mkono uchoke, na ndiyo maana haitelezi yenyewe. Viti vya mabasi ya mikoani vyenye kitufe sivijumuishi hapa, ni familia nyingine.

Boliti ya kiungo ina shingo laini isiyo na uzi, na mgongo unazunguka juu ya shingo hiyo. Usiweke boliti ya kawaida yenye uzi mpaka juu. Uzi utalika kama msumeno na mchezo utarudi baada ya wiki. Soma namba kichwani: kama ya awali ilikuwa 10.9 usirudishe 8.8, hiyo ni hafifu zaidi.

Wakati wa kufunga, mambo mawili ndiyo yanayowaponza wengi. La kwanza ni kulinganisha pande mbili. Weka alama ya chaki kwenye jino la kwanza la bamba la mwezi la kila upande, hesabu hadi jino la nne, ndimi zote mbili ziume hapo. Ukikosea jino moja tu, mgongo unajipinda kidogo na dereva atalalamika nyonga bila kujua sababu. La pili ni fimbo au waya unaounganisha leva na mtambo wa upande wa pili. Ukiwa umevutika sana, ulimi wa mbali hauingii hadi mwisho. Leva ikiachiwa lazima iwe na ulegevu mdogo, milimita tano hivi kwenye ncha, kabla haijaanza kuvuta kitu. Kwenye kiti cha yule dereva waya ulikuwa umekazwa kama uzi wa gitaa, pengine na mtu aliyedhani leva nzito inatengenezwa kwa kukaza.

Grisi ni filamu nyembamba kwenye pini na uso wa kemu. Kwenye meno pangusa tu kwa kitambaa chenye grisi. Ukipaka kama siagi, vumbi la barabara litakaa humo, na utakuwa umetengeneza msasa.

Kabla ya kurudisha kava, jaribu. Nafunga reli kwenye meza ya chuma zikiwa wima, mgongo wa kiti ukitokeza hewani kwa ulalo, upande wa nyuma ukitazama chini. Natundika mfuko wa saruji wa kilo 50 sentimita 60 kutoka kwenye kiungo. Hiyo ni karibu nyutonimita 300, haifiki ya kanuni, lakini mtambo mbovu hauvumilii hata hiyo. Hakuna anayekaa chini yake. Naacha dakika kumi, nakwenda kunywa chai, narudi kuangalia chaki. Mstari ukiwa mzima, navuta na kuachia leva kwenye kila jino nikisikiliza. Nataka sauti moja, tak. Ukisikia tak-tak, upande mmoja unachelewa, rudi kwenye waya.

Rudisha kiti garini, kaza boliti kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, unganisha plagi ya njano kabla ya betri. Dereva akae, aweke mgongo kwenye nyuzi 25 hivi kutoka wima. Ndiyo pembe ya kawaida ambayo viti hupimiwa. Wanaoendesha wamelala wajue mkanda unaacha kushika kifua na mwili unateleza chini yake.

Nilimwambia arudi baada ya wiki mbili nikaze boliti upya. Alirudi baada ya tatu. Kiti kimetulia, boliti hazijasogea hata robo. Nikavua plastiki kwa tahadhari tu, nikakuta maganda ya karanga, mabichi.

"Si mimi," akasema, "ni abiria."

Abiria wa kiti cha dereva.