Namna ya Kuandika Wasifu wa Jenerali Aliyekuja Kuongoza Chuo

Anayeandika wasifu wa mtu wa namna hii hushawishika kumalizia wino vitani, kisha miaka ya chuoni akaipa aya mbili za mwisho. Kabla hujaandika sentensi ya kwanza, panga tarehe za maisha yake na uzihesabu. Joshua Chamberlain wa Maine, nchini Marekani, jenerali wa upande wa Kaskazini katika Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya nchi hiyo (1861–1865), alikaa jeshini takriban miaka mitatu na nusu kuanzia 1862, ilhali Chuo cha Bowdoin alikiongoza kwa miaka 12, kuanzia 1871 hadi 1883.

Kisha tafuta alikuwa nani kabla ya kuvaa magwanda. Robert E. Lee, jenerali wa upande wa Kusini katika vita hivyo, alikuwa askari tangu ujana, na alipokabidhiwa Washington College mwaka 1865, miezi michache baada ya kusalimu amri, alikuwa ameshawahi kukisimamia chuo cha kijeshi cha West Point. Dwight Eisenhower alifika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1948 akiwa na jina alilolipata katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Chamberlain, kwa upande wake, alikuwa mwalimu: mwaka 1862 Bowdoin ilimpa likizo ya kwenda kusoma Ulaya, naye akaenda kujiunga na jeshi. Wasifu wake ningeuanzia darasani.

Kwenye vita, chagua tukio moja ambalo athari zake zilimfuata hadi ofisini. Wengi hukimbilia Little Round Top, Gettysburg, ambako tarehe 2 Julai 1863 kikosi chake kiliteremka kilima kwa singe. Lakini mengi ya simulizi hiyo aliyaandika mwenyewe baadaye, na Ellis Spear, ofisa aliyekuwa chini yake, aliyapinga baadhi, kwa hiyo ziweke kauli zote mbili mbele ya msomaji. Mimi ningechagua mapigano ya Petersburg, Virginia, tarehe 18 Juni 1864. Risasi ilimpenya kutoka nyonga hadi nyonga, akauchomeka upanga ardhini na kuuegemea ili askari wake wasimwone akianguka, mpaka nguvu zikamwishia kwa kuvuja damu. Magazeti yalitangaza kwamba amekufa. Jeraha hilo halikupona sawasawa, na ukiliacha hutaweza kueleza vizuri kwa nini alijiuzulu mwaka 1883.

Miaka ya chuoni usiiandike kwa haraka. Chamberlain aliongeza masomo ya sayansi na uhandisi, lakini pia alileta kwata ya lazima, na mwaka 1874 wanafunzi waligoma, wakilalamikia pamoja na mengine gharama ya sare. Aliwarudisha nyumbani na kuwaandikia wazazi kwamba asiyeahidi kutii hatapokelewa tena. Karibu wote walirudi, ila baadaye kwata ikawa ya hiari, na hapo ndipo mwandishi anapaswa kupima ni nani hasa aliyeshinda. Kwa kazi hiyo hotuba za jenerali hazitoshi. Tafuta mihtasari ya vikao vya bodi, barua za wazazi na magazeti ya wakati huo.

Mwisho, angalia cheo unachokitafsiri. Rais wa chuo cha Marekani ndiye mtendaji anayeajiri walimu, kutafuta fedha na kusikiliza kesi za wanafunzi. Ukimwita tu mkuu wa chuo, msomaji anaweza kudhani ni yule mgeni wa heshima anayeonekana siku ya mahafali akitunuku shahada.