Kuanza uhandisi kupitia programu ya wahitimu, tangu maombi hadi kituo cha kudumu

Programu ya wahitimu ni ajira kamili. Kampuni inakuchukua na shahada yako mbichi, inakuzungusha katika idara zake, mara nyingi miezi 3 hadi 6 kila moja, na baada ya mwaka 1 hadi 3 unapata kituo cha kudumu. Niliingia kazini kwa njia hii, na sasa nawasimamia wanaoingia.

Hatua ya 1: Omba ungali chuoni

Kampuni nyingi hupokea maombi miezi mingi kabla ya siku ya kuripoti, nyingine mwaka mzima kabla. Ukisubiri matokeo ya mwisho, dirisha limeshafungwa. Hakikisha pia kwamba shahada yako inatambuliwa na bodi ya usajili wa wahandisi ya nchi utakakofanyia kazi. Kama unafikiria kuvuka mipaka, ulizia Makubaliano ya Washington ya 1989, ambayo wanachama wake hutambuliana ithibati (uthibitisho wa ubora) ya shahada za uhandisi.

Hatua ya 2: Uliza nani atakusimamia

Vijana huuliza mshahara kwanza, na siwalaumu. Lakini swali zito ni hili: nani atatia saini kazi zangu, na je, ni mhandisi aliyesajiliwa? Bodi nyingi hazikusajili mpaka uwe na miaka kadhaa ya kazi chini ya usimamizi unaokubalika. Ukikaa miaka miwili na msimamizi asiyekidhi sharti hilo, huenda muda wako usihesabiwe. Kisha usome mkataba wote. Baadhi hukudai gharama za mafunzo ukiondoka mapema.

Hatua ya 3: Usaili

Kwanza huja majaribio ya hesabu na mantiki mtandaoni, halafu kazi ya kikundi na mahojiano. Ukipewa tatizo la kiufundi, taja unachokichukulia kuwa kweli, andika vipimo vyote, fikiri kwa sauti. Tunataka kuona unavyofika kwenye jibu. Kuhusu mradi wako wa mwisho, sema "nilipima", "nilikokotoa". Ukisema "tulifanya" kila mara, sijui mkono wako ulikuwa wapi.

Hatua ya 4: Mfuate fundi

Baada ya mafunzo ya usalama (usiguse mashine kabla hujajua umeme unakatwa wapi na kufuli inafungwa vipi), tafuta fundi mzoefu na uombe kwenda naye.

Mwezi wangu wa pili, pampu ya maji ya kupoza ilianza kulia kama imemeza kokoto. Nikasema beringi, kile kipande kinachoshikilia mhimili unaozunguka, imekufa. Fundi hakubishana nami. Alichukua bisibisi ndefu, akaegemeza ncha kwenye kasha la beringi na mpini sikioni, kisha akanipa. Mlio wa beringi ulikuwa laini kabisa. Akanionyesha geji ya upande wa kuvuta: presha imeshuka. Chujio lilikuwa limeziba, maji yanageuka mvuke ndani ya pampu, na viputo vikipasuka vinapiga chuma. Tungebadilisha bure beringi isiyo na kasoro. Chuoni nilijua mlinganyo wa jambo hilo, ila sikuwahi kuusikia.

Hatua ya 5: Andika daftari kila siku

Hapa ndipo wengi wanapopoteza, na inaniuma kila mwaka. Mtu anaandika "Nilisaidia ukarabati wa pampu." Maneno hayo hayamsaidii mbele ya bodi. Andika hivi:

"Pampu ina mlio wa kokoto. Nilidhani beringi; kusikiliza kukaonyesha ni nzima. Presha ya kuvuta iko chini ya kawaida. Tulifungua chujio, tukasafisha, presha ikarudi, mlio ukaisha. Nimependekeza geji ya tofauti ya presha kwenye chujio."

Tatizo, dhana, kipimo, uamuzi, matokeo. Dhana iliyokosea iache humo humo, maana ndiyo inayoonyesha umefikiri. Peleka daftari kwa msimamizi kila mwezi atie saini. Akihamishwa, kumpata tena ni kazi.

Hatua ya 6: Taja kituo unachokitaka

Usingoje upangiwe. Miezi 3 au 4 kabla ya mwisho, nenda kwa mkuu wa idara uliyoipenda ukiwa na daftari, fungua kurasa za kazi ulizofanya kwake, kisha muulize ana tatizo gani ambalo halijapata mtu.