Shika sufuria, achia mwiko

Nauza chakula Majengo, hapa Dodoma. Saa saba mchana wateja wanaingia kwa mkupuo, na hakosi mmoja wa kusema mlenda una chumvi. Usimjibu hapo hapo. Mimi hugeuka, nafunika sufuria, nahesabu vikombe vilivyo kwenye beseni, ndipo namwambia, "Pole kaka, nikuongezee ugali?" Hasira ikibaki, itolee saa kumi kwenye masufuria. Stili waya langu linajua siri nyingi.

Kumwachia mwenzako kazi ndiko kugumu zaidi. Binti anayenisaidia nilikuwa nampokonya mwiko kila mara. Anza kumwachia kile ambacho kikiharibika hamtalala njaa. Pesa na mlenda wa karanga nimebaki navyo, maana karanga moto ukizidi zinashika chini na chungu kizima kinanuka. Ugali wa uwele ni wake. Ukitoka na madonge nauma ulimi mpaka jioni, tukiwa wawili, ndipo namwonyesha kuyakandamiza ubavuni mwa sufuria. Wiki ya kwanza tulimwaga sufuria mbili. Kuku wa jirani walishiba.