Kutengeneza motokari ya kurse ya mapine sita, na karto na kambambili

Batu wengi wakianza kutengeneza motokari ndogo ya kurse wanakimbilia Ferrari ya siku hizi, alafu mutoto wa jirani anapita anauliza kama hiyo ni taksi. Shida si mikono yako. Zile gari ziko na mistari laini sana, ukikosa milimita mbili tu ku pua imeshakuwa gari ingine. Miye nasemaka hivi: chagua ya zamani yenye kitu kimoja cha ajabu, kitu mutu anaona hata akiwa mulangoni anajua, hiyo ajabu itakufunikia makosa mingi.

Kwa mufano Chaparral 2J ya Jim Hall wa Texas, mwaka wa 1970. Ni sanduku nyeupe tu, na feni mbili nyuma zilizokuwa zinanyonya hewa chini ya gari ili inate ku barabara, na hizo feni zilikuwa na motere yao ndogo ya pembeni. Wakubwa wa kurse walikuja kuikataza. Kwa mwenye kuanza njo nyepesi kuliko zote, karto ya viatu inatosha. Ama Nardi Bisiluro iliyokimbia kurse ya Le Mans, kule Ufaransa, 1955, torpedo mbili zimeunganishwa katikati, dereva anakaa mu moja, motere mu ingine! Ile inaomba mbao na roho ya kungojea, tuiache kwanza.

Leo tunafanya Tyrrell P34, gari ya Formula 1 ya mapine sita. Mbele iko na mapine mane madogo, nyuma mawili makubwa, na mbele ya kushika mukasi elewa kwanza juu gani. Sheria za wakati ule ziliruhusu pua ya gari ifike upana wa mita 1.5, sasa Derek Gardner aliyeichora akawaza, mapine ya mbele nikiyafanya madogo yatajificha nyuma ya pua na upepo hautayapiga. Lakini pine ndogo inashika barabara kidogo, njo maana akaweka mane. Kwa hiyo mapine yako ya mbele yakichungulia juu ya pua ujue umeharibu, hata kama ingine yote ni safi. Na haikuwa mchezo wa kuchekesha batu, 1976 kule Anderstorp, Sweden, dereva Jody Scheckter alishinda nayo kurse, na mwenzake Patrick Depailler akafuata wa pili.

Vipimo: tunatumia 1 kwa 20, ni kusema sentimita 20 za kweli zinakuwa 1. Pua inakuwa sentimita 7.5. Rimu za mbele zilikuwa inchi 10, kwako ni milimita 12.7, za nyuma inchi 13, kwako 16.5. Vingine vyote tafuta picha tatu, ya pembeni, ya juu na ya mbele, zichapishe ku siber, pima pua ku picha, alafu gawanya kutoka hapo. Usiamini jicho.

Mwili unakata mu karto ngumu ya mugongo wa rejista za zamani, ile ya biskwi inalegea. Penye kukunja pitisha mugongo wa kisu na rula bila kukata. Pua njo kazi: bandika vipande sita ao saba vya karto na kole nyeupe ya seremala, acha usiku muzima chini ya jiwe, kesho unasugua na msasa mpaka inakuwa mviringo. Penye kubakia shimo changanya vumbi ya mbao na ile kole, jaza.

Sasa mapine. Tafuta kipande cha tiyo ya chuma ya maji, ile ya robo tatu ya inchi, noa mudomo wake ku jiwe ya volkano (hapa Goma hayo hatukosi) mpaka unakata. Weka kambambili ya zamani juu ya bao, bonyeza tiyo huku unaizungusha kuume na kushoto. Usipige na nyundo, kambambili inabonyea, pine inatoka imepinda sawa kipande cha muhogo. Inatoka pine ya karibu sentimita 2, unafanya ine. Akse, ile fimbo inayopita katikati ya mapine, ni rayo ya kinga. Za nyuma ni nyepesi, vifuniko viwili vya chupa ya maji mudomo kwa mudomo, zungusha shambrere ya kinga mpaka inafika sentimita 3.3 hivi.

Motere ilikuwa Cosworth V8, ni kusema ya silinda nane, inaonekana nyuma wazi. Usijichokeshe na kila bulo, wenye kutazama wanaona tu zile baragumu nane za hewa: kata bomba ya wino ya bik, ukaribishe ncha ku mushumaa kidogo, ingiza ncha ya musumari inafunguka. Ukumbuke pia vidirisha vidogo ku mbavu za dereva, viliwekwa ili aone mapine yake ya mbele. Plastiki ya chupa inatosha.

Rangi: pakaa kwanza kole iliyochanganywa na maji, bila hiyo karto inakunywa rangi na inaota manyoya. Na hapa Goma vumbi ya lava haina huruma, mu kiangazi pakaa asubuhi ndani ya nyumba, funika na beseni mpaka ikauke. Rangi nyembamba mara tatu kuliko nzito mara moja. Ya 1976 ni bluu, nambari 3 ya Scheckter, 4 ya Depailler. Ukiona picha ya bluu na nyeupe, hiyo ni ya 1977, mwaka wa mwisho kukimbia, usichanganye rangi za miaka hiyo mbili.