Kufungua kabureta ya bodaboda kwa mara ya kwanza: hesabu kwanza, bisibisi baadaye

Kabureta ya Bajaj Boxer, TVS au pikipiki nyingine ndogo ya slaidi haina maajabu. Ndani mna boya, vali ndogo inayofungwa na boya hilo, jeti mbili (vipande vidogo vya shaba vyenye tundu la kupimia petroli: jeti kubwa, na jeti ya slo ya injini ikitulia), sindano, na slaidi inayopanda ukivuta akseleta. Anayeifungua kwa mara ya kwanza huiharibu kwa mambo matatu: anatoa skrubu bila kuhesabu mizunguko, anachokoa jeti kwa waya wa chuma, na anatupa jeti nzima za kiwandani ili aweke mpya za bei rahisi. Ukiyakwepa hayo matatu, kazi iliyobaki ni ya usafi na subira ya saa mbili hivi.

Hakikisha kwanza kosa liko kwenye kabureta. Toa plagi uitazame, fungua filta ya hewa, chomoa mpira wa petroli uone kama mafuta yanatiririka tap ikiwa wazi. Vali za injini zikibana, pikipiki hukosa silensa (haitulii ikiwa imesimama) hata kabureta ikiwa mpya.

Kabureta yenyewe ina lugha yake. Pikipiki ikiwaka kwa choki tu na kuzima ukiirudisha, jeti ya slo imeziba. Petroli ikidondoka kwenye mpira wa chini ikiwa imeegeshwa, vali ya boya haifungi. Ikitulia vizuri ikisimama lakini inakohoa ukivuta akseleta mpaka mwisho, shuku jeti kubwa au petroli isiyoshuka ya kutosha. Moshi mweusi na plagi yenye masizi ni petroli nyingi, na mara nyingi mkosaji ni filta iliyojaa vumbi jekundu la barabarani. Lakini mngurumo ukibaki juu baada ya kuachia akseleta, tazama kwanza kama kebo imekwama, kisha mpira na oringi kati ya kabureta na injini: hapo kuna hewa inayopenya pembeni, na kusafisha jeti hakutakusaidia kitu.

Vifaa

Tafuta bisibisi ya nyota inayokaa imara kwenye kichwa cha skrubu, bisibisi bapa mbili (nyembamba kwa jeti ya slo, pana kwa jeti kubwa), spana namba 10, koleo ndogo, mswaki wa zamani, sahani nyeupe ya kuwekea vipande, na petroli safi nusu lita au dawa ya kopo ya kusafishia kabureta. Thina usiitumie kwenye mpira na plastiki, itavimbisha oringi na kulainisha boya. Pampu ya tairi inatosha kwa kupuliza, ingawa kompresa ya mziba pancha ni bora zaidi. Fanya kazi nje, mbali na jiko la mkaa na mwenye sigara, injini ikiwa imepoa.

Kuitoa

Osha pikipiki kwanza, hasa upande wa kabureta, la sivyo mchanga wote ulioko nje utaingia ndani. Funga tap. Weka chupa ya plastiki inayopenyeza mwanga chini ya mpira wa kumwagia, legeza skrubu ya chini ya bakuli, acha petroli itoke. Iache chupa itulie dakika moja, kisha iinue juani. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo yatakaa chini yakiwa na mpaka unaoonekana, au yatajikusanya kama shanga zinazoviringika ukiinamisha chupa. Ukiyaona, tangi nalo linahitaji kumwagwa na kifuniko chake kuangaliwa mpira. Vinginevyo utarudia kazi hii mvua ijayo.

Fungua kifuniko cha juu, vuta slaidi pamoja na kebo na sindano, uifunge kwa kitambaa safi isigonge chochote. Legeza klempu ya upande wa filta, toa bolti mbili za upande wa injini, chomoa kabureta. Ziba mlango wa injini kwa kitambaa mara moja. Nati iliyodondoka humo huishia kwenye vali.

Sasa chukua simu upige picha kila upande, mipira yote ikionekana inakokwenda.

Kuhesabu

Tafuta skrubu ya mchanganyiko (wa hewa na petroli) pembeni mwa kabureta. Kabla ya kuitoa, ifunge polepole ukihesabu mizunguko hadi iguse mwisho. Iguse tu, usiikaze, maana ncha yake ni nyembamba na itatoboa kitako chake. Andika: «mizunguko miwili na robo», kwa mfano. Ndipo uitoe yote. Nyuma yake kuna springi, washa ndogo na oringi ndogo mno ambayo aghalabu hubaki ndani ya tundu. Itoe kwa ncha ya kijiti cha meno. Ikipotea, pikipiki haitatulia tena.

Sindano nayo ina mifereji kadhaa na klipu. Andika klipu iko mfereji wa ngapi kutoka juu.

Kisha geuza kabureta, toa skrubu za bakuli. Zikigoma, weka bisibisi, igonge kichwani kwa nyundo ndogo mara mbili, ndipo uzungushe huku ukikandamiza. Kichwa kikilika kitakugharimu muda kuliko kazi nyingine yote. Sukuma pini ya boya kwa msumari butu, taratibu, kwa sababu nguzo zinazoishika ni dhaifu na zikivunjika kabureta imekwisha. Boya litoke pamoja na vali yake. Fungua jeti kubwa, kisha mrija ulio nyuma yake, halafu jeti ya slo iliyojificha ndani ya shimo. Bisibisi isiyojaa mfereji wa jeti hiyo itaumega, basi usiijaribu.

Jeti zina namba zilizochongwa. Ziandike pia.

Kusafisha

Loweka vipande vya shaba katika petroli nusu saa, visugue kwa mswaki. Chukua jeti ya slo uielekeze angani, uangalie ndani yake kama darubini. Unachotaka ni nukta ya mwanga iliyo mviringo kamili. Tundu hilo halifiki nusu milimita, kwa hiyo hata utando mwembamba wa petroli iliyokauka huifanya nukta kuwa na kona au kutoweka. Chokoa kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme, au kwa uzi mwembamba wa nailoni wa kuvulia samaki. Waya wa spoki na sindano ya kushonea ni vigumu kuliko shaba ya jeti. Vitalipanua tundu, na kuanzia hapo pikipiki itakunywa petroli bila wewe kujua sababu.

Mwili wa kabureta ndio watu huupuuza. Nyunyizia dawa kwenye kila kijia, hasa tundu la jeti ya slo na lile la skrubu ya mchanganyiko, mpaka uone ikitoka kwenye vitundu vidogo karibu na slaidi. Kinga macho, maana hurudi usoni kwa kasi. Puliza upepo baadaye. Kisichotokea upande wa pili bado kimeziba, hata kama nje panang'aa.

Angalia ncha ya vali ya boya: ikiwa na mfereji wa mviringo uliochimbika, ibadilishe. Kitako chake kifute kwa kipande cha pamba kwenye kijiti. Boya litikise sikioni. Ukisikia kitu kikichezacheza ndani, limetoboka na limekunywa petroli.

Ripea kiti: chukua mpira, acha jeti

Kokote utakakonunua, iwe soko la Kisekka mjini Kampala au duka la vipuri Arua, kiti ya kabureta (pakiti ya vipuri vya kuirekebishia) huja na gasketi, oringi, vali ya boya, jeti na pengine sindano. Tumia gasketi, oringi na vali. Jeti na sindano za zamani zirudi ndani kama hazijaharibika, kwa sababu namba iliyochongwa kwenye jeti ya bei rahisi haikuhakikishii tundu lake lina kipimo hicho. Ukilazimika kubadilisha, namba zilingane.

Kurudisha

Mrija kwanza, kisha jeti kubwa, kisha ya slo. Zikaze kwa vidole viwili kwenye bisibisi. Shaba haihitaji nguvu. Rudisha boya na vali. Kabla ya kufunga bakuli, puliza kwa mdomo kwenye mpira safi uliouchomeka mlango wa petroli. Kabureta ikiwa wima, hewa ipite. Ukiigeuza juu chini, boya lilalie vali na hewa ikatike kabisa. Jaribio hili la sekunde kumi hukuepusha na petroli inayomwagika usiku kucha.

Skrubu ya mchanganyiko: springi, washa, oringi, kwa mpangilio huo, kisha irudishe kwa hesabu uliyoandika. Slaidi ina upande uliokatwa chini, nao hutazama filta ya hewa. Ikiingia kinyume pikipiki itapiga kelele mpaka uzime swichi. Kaza bolti mbili za injini kwa zamu, kidogo kidogo, maana ukikaza moja peke yake kiuno cha kabureta kitapinda na kuvuta hewa. Vuta akseleta uiachie huku ukigeuza usukani kushoto na kulia: lazima slaidi ishuke kwa kishindo kila mara.

Kuseti

Fungua tap, subiri dakika moja, tazama kama panavuja. Washa, ipashe injini moto dakika tano. Pandisha silensa (mngurumo wa kusimama) kidogo, kisha zungusha skrubu ya mchanganyiko robo kwa robo, ukisubiri sekunde chache kila mara, mpaka mngurumo uwe wa juu na laini kuliko kote. Hapo shusha silensa hadi itulie, mizunguko 1,400 hivi kwa dakika. Jua skrubu yako: iliyo upande wa filta hupima hewa, kuifungua ni kupunguza petroli, iliyo upande wa injini hupima petroli, kuifungua ni kuiongeza.

Endesha kilomita tano, toa plagi. Rangi ya ganda la karanga ni nzuri. Nyeupe ni petroli pungufu, nyeusi ni nyingi. Pikipiki iliyosetiwa Kampala, mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, ikihamia Kabale kwenye karibu mita 2,000 itakuwa na petroli nyingi kidogo kwa sababu hewa ni nyepesi. Ikisumbua, pandisha klipu ya sindano mfereji mmoja juu ili sindano ishuke.