Kutafuta na kupanga vyanzo vya insha ya sosholojia: mfano wa bodaboda wa Kampala

Wanafunzi wengi wanaonijia huandika "bodaboda Kampala" kwenye Google Scholar, mtambo wa kutafuta makala za kitaaluma, wakamwagiwa majibu chungu nzima, wakakata tamaa. Si wavivu. Hawajapata swali bado.

Hatua ya 1. Geuza mada iwe swali. "Bodaboda Kampala" ni mada; "Waendeshaji wa steji (kituo) moja humsaidiaje mwenzao aliyepata ajali?" ni swali. Sasa tafuta maneno wanayotumia wasomi. Makala nyingi ni za Kiingereza, na pale sisi tunaposema bodaboda, wao mara nyingi huandika "motorcycle taxi". Jaribu yote mawili.

Hatua ya 2. Pita Google Scholar, kisha African Journals Online, inayokusanya majarida ya Afrika tangu 1998. Hazina ya mtandaoni ya Chuo Kikuu cha Makerere ina tasnifu ambazo wengi huzisahau. Soma ikisiri, yaani muhtasari wa makala, kwanza, ndipo upakue. Bando ni pesa.

Hatua ya 3. Hapa ndipo penye utamu. Ukipata makala moja nzuri, usikimbilie nyingine. Nenda kwenye orodha yake ya marejeo uone nani alitangulia, kisha bonyeza kiungo kinachoonyesha waliomnukuu uone nani alifuata. Ukifuata nyayo hizo kuhusu mitaa ya Kampala, utawafikia wanaanthropolojia Aidan Southall na Peter Gutkind, ambao utafiti wao wa Kisenyi na Mulago ulitoka 1957 kupitia taasisi ya utafiti wa jamii iliyoanzishwa Makerere mwaka 1948. Bodaboda hazimo humo. Zilianza miaka ya 1960 kwa baiskeli mpakani Busia. Lakini utaona jinsi wageni wa mji walivyoishi na majirani kabla steji hazijakuwapo, na hapo insha yako inapata kina.

Hatua ya 4. Kila chanzo kipe kadi yake, wakati uleule unaposoma. Juu: mwandishi, mwaka, jina la makala, jarida, kurasa. Katikati: anadai nini, kwa maneno yako. Chini: maneno yake yenyewe ndani ya alama za kunukuu, pamoja na namba ya ukurasa. Mwaka wangu wa tatu niliandika nukuu nzuri sana bila ukurasa. Usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, nilikuwa nafunua kitabu kizima jani kwa jani hadi maktaba ikafungwa. Nikaifuta nukuu, na aya nzima ikaanguka nayo.

Faili zipe majina yanayosomeka: Southall_1957_Kisenyi. Programu ya Zotero ni ya bure na itakupangia marejeo.

Hatua ya 5. Tandaza kadi mezani, uzipange kwa hoja. Ukizipanga kwa mwandishi, utaishia kuandika "fulani alisema, fulani naye akasema", na sauti yako haitasikika.

Maswali ya wanafunzi

Mwalimu, naweza kutumia habari za gazeti la Bukedde?
Unaweza, dada, ila kama ushahidi wa yale watu wanayosema na jinsi yanavyoripotiwa. Hoja ya kitaaluma itegemeze kwa makala zilizopitiwa na wataalamu.

Akili mnemba imenipa makala kumi, zote zinalingana na swali langu. Nizitumie?
Tafuta kila moja kwa jina lake, kaka. Programu hizi hubuni makala zisizokuwepo na kuwabandika waandishi wa kweli. Usiyoifungua kwa macho yako isiingie kwenye marejeo.

Sina kompyuta, nina simu tu. Kadi nitaziweka wapi?
Daftari la mistari linatosha, kila chanzo ukurasa wake. Hoja ya kwanza itie alama ya wino mwekundu, ya pili bluu. Siku ya kuandika, utafunua kurasa za rangi moja tu.

Makala ninayoitaka inauzwa kwa dola.
Kwanza angalia kama Google Scholar inaonyesha nakala ya PDF pembeni. Halafu fungua akaunti ya bure JSTOR, hifadhi ya majarida mtandaoni. Kama ipo humo, huenda ukaisoma mtandaoni bila kulipa. Ikishindikana, mwandikie mwandishi barua pepe ya mistari mitatu, umweleze swali lako. Wengi hutuma.