Namna ya Kumaliza Deni la Kadi ya Mkopo Ukiwa Marekani Huku Nyumbani Wanakutegemea

Mtu anayehamia Marekani, awe ametokea Mombasa, Dar es Salaam au kambi ya Nyarugusu, hukutana na kadi ya mkopo mapema, kwa sababu bila historia ya mkopo, yaani kumbukumbu za jinsi unavyolipa madeni, ni shida kupanga nyumba au kununua gari, na kadi ndiyo njia nyepesi ya kuianza historia hiyo. Mwongozo huu ni wa yule ambaye tayari kadi imemlemea, ana mshahara wa kawaida, na kila mwezi sehemu ya mshahara huo inavuka bahari. Miongozo mingi ya bajeti inayoandikwa Marekani haimtaji mama aliyeko Kigoma wala kundi la WhatsApp la kamati ya harusi, na hapo ndipo hesabu za wengi wetu zinapovurugika.

Anza na taarifa ya kadi

Tangu sheria ya kadi za mkopo ya mwaka 2009, kila taarifa ya mwezi inayotumwa Marekani lazima iwe na kisanduku cha onyo kinachoonyesha utachukua muda gani kumaliza deni ukilipa kima cha chini peke yake, yaani kiasi kidogo kabisa ambacho benki inakutaka ulipe mwezi huo, na ni kiasi gani ulipe kila mwezi ili deni liishe katika miezi 36. Wengi hukipita kisanduku hicho na kwenda moja kwa moja kwenye kima cha chini. Kisome kwanza.

Chukua deni la dola 6,000 kwa riba ya asilimia 24 kwa mwaka, kiwango ambacho si cha ajabu kwa kadi za siku hizi. Riba ya mwezi mmoja ni karibu dola 120. Benki nyingi hupata kima cha chini kwa kuchukua asilimia 1 ya deni na kujumlisha riba ya mwezi huo, kwa hiyo utadaiwa dola 180, na katika hizo ni dola 60 tu zinazopunguza deni lenyewe. Mwezi unaofuata deni limeshuka kidogo, kima cha chini nacho kinashuka, nawe unahisi nafuu, ilhali kushuka huko ndiko kunakorefusha safari. Ukilifuata deni hilo kwa kima cha chini hadi mwisho, kwenye kadi ambayo kima hicho hakiendi chini ya dola 35, utalipa kwa takriban miaka 18, na riba pekee itapita dola 10,000. Ukiamua kulipa dola 300 kila mwezi bila kupunguza, deni hilo hilo linaisha ndani ya miezi 26 kwa riba ya dola 1,740 hivi. Ukimudu dola 400, ni miezi 18 hivi na riba ya karibu dola 1,200.

Kwa hiyo jambo la kwanza la kuamua ni kiasi kimoja kisichobadilika, kinachozidi kima cha chini, ambacho utakilipa mwezi wenye neema na mwezi wenye ukame. Hatua nyingine zote zinazofuata zina kazi moja, nayo ni kukilinda kiasi hicho.

Sambamba na hilo, acha kuitumia kadi. Mtu anayelipa deni lote kila mwezi hupewa siku za kununua bila riba, lakini ukishabeba deni kutoka mwezi mmoja hadi mwingine nafasi hiyo kwa kawaida hupotea, na hata mkate unaoununua leo huanza kutozwa riba tangu siku ununuzi ulipoandikwa. Iondoe kadi kwenye simu, kwenye maduka ya mtandaoni na kwenye programu za teksi, kisha tumia kadi ya benki inayokata fedha zako mwenyewe.

Bajeti inayofuata siku ya mshahara

Waajiri wengi wa Marekani hulipa kila baada ya wiki mbili, yaani mara 26 kwa mwaka. Anayepanga bajeti kwa mwezi, kama tulivyozoea nyumbani, hujikuta ana fedha wiki moja na hana kitu wiki inayofuata, kwa kuwa kodi ya nyumba imemeza mshahara mzima. Ni afadhali kuupa kila mshahara kazi yake: mmoja ubebe kodi ya nyumba, mwingine ubebe chakula, bima, mafuta ya gari na fungu la nyumbani, na kila mmoja utoe nusu ya malipo ya kadi siku ile ile unapoingia. Dola 150 kila wiki mbili, badala ya dola 300 kwa mwezi, hufika dola 3,900 kwa mwaka badala ya 3,600, na kwa kuwa riba hukokotolewa kwa deni la kila siku, kulipa mapema kunaipunguza kidogo. Hata hivyo weka malipo ya moja kwa moja ya kima cha chini kama kinga, maana malipo yaliyofanywa kabla ya taarifa mpya kutoka huenda yasihesabiwe kwa tarehe ya mwisho inayofuata, na faini ya kuchelewa haiangalii nia yako.

Kabla ya kugawa chochote, chapisha taarifa za benki za miezi mitatu iliyopita, kaa mezani na mwenzi wako, na mpitie mstari kwa mstari mkiwa na kalamu. Msitafute mtu wa kumlaumu. Tafuteni mistari ambayo hakuna kati yenu anayekumbuka kwamba alifurahia kilichonunuliwa. Kwa kawaida mtaona huduma za kila mwezi ambazo hazitumiki tena, na mtaona chakula cha kuagiza: sahani ya dola 14 ambayo, baada ya ada ya kupelekewa, ada ya huduma na bakshishi ya dereva, imefika mlangoni kwa dola 27, saa nne usiku, siku ya zamu ndefu. Mstari wa namna hiyo hauponi kwa kuapa kwamba hutarudia, kwa sababu siku ya zamu ndefu itarudi. Unapona kwa kupika sufuria kubwa ya maharage na wali Jumapili, kugawa kwenye makopo na kuyagandisha, ili uchovu ukute chakula kimeshakuwapo. Matumizi yenye uangalifu hudumu pale tu unapojua ni saa ngapi na katika hali gani mkono wako hukimbilia simu.

Tenga pia akiba ndogo ya dharura, hata dola 500, kabla ya kuelekeza kila senti kwenye deni. Tairi likipasuka na hakuna akiba, kadi itarudi kazini. Wanaorudishiwa kodi ya serikali kati ya Februari na Aprili wanaweza kuijenga akiba hiyo kwa mkupuo mmoja na kuyapeleka mabaki kwenye kadi.

Fungu la nyumbani

Hapa ndipo penye uzito. Mara nyingi fedha za nyumbani haziandikwi kwenye bajeti kabisa, kwa sababu kuziandika kunaonekana kama kuwawekea wazazi kikomo. Matokeo yake hutoka kwa dharura: leo ada ya shule, kesho dawa za presha, keshokutwa mchango wa msiba, na kila inapotoka bila kupangwa, kadi ndiyo inayonunua chakula cha wiki hiyo. Nyumbani hawajui kwamba dola waliyoipokea imeacha pengo linalozibwa kwa riba ya asilimia 24, na hawatajua mpaka waambiwe.

Tazama ulichotuma kwa miezi sita, tafuta wastani, kisha amua kiasi unachoweza kutuma kila mwezi bila kugusa malipo ya kadi. Mweleze mtu mmoja anayesikilizwa katika familia, mapema, kabla hajakuomba. Ujumbe hauhitaji kuwa mrefu: "Mama, shikamoo. Nina deni la benki huku ambalo nimepanga kulimaliza ndani ya miaka miwili. Kuanzia mwezi ujao nitatuma dola 150 kila tarehe 5, na tafadhali dawa zako zitoke kwanza humo. Likitokea la hospitali nipigie, hilo tutalizungumza." Mzazi aliyewahi kuendesha nyumba kwa mshahara wa ualimu anaelewa lugha hii kuliko tunavyomdhania. Kinachomuumiza ni ahadi isiyotimia na simu isiyopokelewa.

Michango ya harusi iwe na kiasi chake cha mwaka. Kikiisha, unampongeza bwana harusi na kumwambia ukweli. Michango ya misiba iache nje ya kikomo hicho, kwa kiwango kidogo unachojiwekea. Sidhani kama yupo mmoja wetu atakayeweza kuishi na bajeti inayomzuia kumzika shangazi yake.

Namna ya kutuma nayo ina gharama. Usitume kamwe kwa kadi ya mkopo, kwani mara nyingi benki huhesabu muamala huo kama kutoa taslimu, na taslimu ya kadi hutozwa ada, hubeba riba ya juu zaidi na huanza kuliwa riba siku hiyo hiyo. Kuanzia Januari 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa fedha zinazotumwa nje ya Marekani kwa kulipia noti taslimu dirishani, kwa hiyo kutuma kupitia akaunti ya benki ni nafuu. Tuma mara moja kwa mwezi, kwa kuwa kila muamala una ada yake na tofauti ya kubadilisha fedha.

Kuhusu upatu, hesabu inategemea zamu. Ukipokea mwisho, umewawekea wenzako fedha bila faida huku kadi yako ikikua. Ukipokea mwanzo, umepata mkopo usio na riba. Kundi la watu kumi wanaochanga dola 300 hutoa dola 3,000. Mwombe kijumbe akupe zamu ya awali, lipa zote kwenye kadi, na riba ya kadi yetu ya mfano itashuka kutoka dola 120 hadi 60 kwa mwezi. Deni lako kwa wenzako linabaki pale pale, kwa hiyo mchango huo uingie kwenye bajeti kabla hujaupokea mfuko. Kama huna uhakika wa kazi yako, usijaribu.

Waliokuja kama wakimbizi wana pia mkopo wa nauli wa IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Mkopo huo hauna riba. Lipa kiasi chake cha kila mwezi bila kukosa, lakini usiuharakishe wakati kadi bado inakula.

Kadi zikiwa zaidi ya moja, au mzigo ukizidi

Lipa kima cha chini kwa kadi zote, na fedha zote za ziada zipeleke kwenye kadi yenye riba kubwa. Wapo wanaopendelea kuanza na deni dogo ili waone jina moja likifutika mapema. Inagharimu zaidi, lakini kwa mtu aliyekata tamaa mara kadhaa huenda ikafaa.

Ukiona utashindwa kulipa, ipigie benki simu kabla ya tarehe ya mwisho na uulize kama wana mpango wa unafuu kwa waliopungukiwa na kipato. Kuhamishia deni kwenye kadi mpya isiyo na riba kwa miezi 12 hadi 21 husaidia ikiwa ada ya kuhamisha, ambayo aghalabu ni asilimia 3 hadi 5, ni ndogo kuliko riba utakayoikwepa, na ikiwa kadi ya zamani itabaki kabatini. Mashirika yasiyo ya faida yaliyo chini ya NFCC, muungano wa washauri wa madeni uliopo tangu 1951, hukupangia malipo ya miaka mitatu hadi mitano na huzungumza na benki ili zipunguze riba. Wajihadhari zaidi wanaopigiwa simu na kampuni zinazoahidi kufuta nusu ya deni: kanuni ya serikali kuu ya mwaka 2010 inazikataza kampuni zinazouza huduma hiyo kwa simu kukutoza kabla hazijasuluhisha deni hata moja, na deni lililosamehewa la dola 600 au zaidi linaweza kuripotiwa kwa mamlaka ya kodi kama kipato chako.

Deni likiisha, usifunge kadi kwa haraka hasa kama ndiyo ya zamani kuliko zote, kwa sababu kuifunga kunaweza kushusha alama zako za mkopo, zile ambazo wakopeshaji hupimia uaminifu wako wa kulipa. Ngoja taarifa ya mwezi unaofuata uisome hadi chini: riba ya siku zilizopita kati ya taarifa ya mwisho na siku uliyolipa hujitokeza humo, pengine dola nne au tano, na wapo waliotozwa faini ya kuchelewa kwa dola hizo nne baada ya kumaliza elfu sita.